Kikundi Kinanipenda, Lakini Kinampenda Yule Niliyekuwa

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwanachama wa kikundi cha maigizo. Hatulipwi. Kila mmoja ana shughuli zake mchana, jioni tunakutana kwa mazoezi, na mchezo ukiiva tunauonyesha. Nakuandikia wewe kwa sababu watu wote ambao ningeweza kuwaeleza jambo hili wamo ndani ya kikundi hichohicho, na hao ndio ninaowazungumzia.

Nilijiunga nikiwa na aibu iliyonitesa tangu utotoni. Nikiulizwa jina langu mbele za watu, koo lilikauka, nikalitaja kwa sauti ndogo mpaka naombwa kulirudia. Rafiki aliyenipeleka aliwaambia, "Huyu haongei, lakini mtampenda." Walinipokea bila masharti, na hakuna aliyenisukuma jukwaani. Nilipewa kazi ya kushika skripti na kuwakumbusha waigizaji mistari wanaposahau, kisha nikaongezewa kutunza maleba na vifaa. Baadaye nikaanza kuingizwa kwenye matukio ya umati: mara jirani, mara mfiwa, mara mpita njia asiye na neno hata moja. Kwenye mazoezi ya sauti nilipaza sauti pamoja na wenzangu, na kwa kuwa sauti zetu zilichanganyika, sikuogopa.

Mwalimu, kikundi hiki kimenibadilisha. Kazini siku hizi naongoza vikao. Baba yangu alipofariki, mimi ndiye niliyesoma wasifu wake mbele ya waombolezaji, na sauti haikutetemeka. Ndugu zangu walitazamana.

Sasa tatizo langu. Mchezo tunaouandaa unamhusu mama mjane anayekataa kuhama nyumba ambayo watoto wake wameshaiuza. Nilipousoma tu nilijua kwamba nautaka uhusika wa yule mama. Siku ya usaili nikainua mkono. Wenzangu wakacheka. Hawakucheka kwa dharau, walinicheka kwa upendo, kama anavyochekwa mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Mmoja wa wakongwe akanikumbatia akasema, "Wewe ni uti wetu wa mgongo. Ukipanda jukwaani, nani atatushikia skripti?" Nilisoma hata hivyo. Mwongozaji aliniangalia kidogo, akasema, "Sikujua unaweza hivi." Kisha uhusika akampa dada mmoja aliyejiunga nasi msimu huu.

Kwa hiyo kila jioni nakaa pembeni na skripti mapajani, namkumbusha yeye mistari ambayo mimi naijua kwa moyo. Kuna mahali anasahau kila mara. Ni pale mama anaposimama mlangoni na kuwaambia watoto wake, "Mkiniondoa hapa, niondoeni na kuta zake." Wiki iliyopita aliponyamaza palepale, nilimpa mstari. Lakini sikumtajia maneno mawili ya mwanzo kama kawaida. Niliusema wote, kwa sauti ya yule mama, bila kuangalia karatasi. Ukumbi ukanyamaza. Aliyekuwa anapanga viti aliacha kupanga. Yule dada akainamisha macho, na mwongozaji akasema, "Soma tu, usiigize." Mazoezi yakaendelea. Tangu siku hiyo hakuna aliyeligusia.

Kuna kikundi kingine kimenialika. Kiongozi wao alikuwa amekuja kumtembelea mwongozaji wetu siku ya usaili, akanisikia nikisoma. Nilipomdokezea yule mkongwe, alinishika mkono akasema, "Mcheza kwao hutunzwa. Usituache." Usiku nikilala nawaza: hawa ndio walionipokea nilipokuwa siwezi kutamka jina langu. Nikiondoka, mimi ni nani? Na nikibaki, nitashika skripti mpaka lini? Inawezekana kweli mtu akakua bila kuondoka?

Mshika Skripti

* * *

Marahaba mwanangu. Na pole sana kwa kuondokewa na baba.

Nianze na ule mstari uliousema kwa niaba ya mwenzako, maana naona uzito wote wa barua yako uko hapo. Yalitokea mambo mawili kwa pamoja, na itakusaidia ukiyatenganisha.

La kwanza, ukumbi ulikusikia. Watu wa maigizo wamezoea zogo la mazoezi. Anayepanga viti huendelea kupanga hata kama jukwaani wanauana. Akiacha, ujue amesikia kitu. Hilo ni lako, na usikubali mtu akunyang'anye, wala usijinyang'anye mwenyewe kwa aibu.

La pili, ulimwingilia mwenzako. Anayekumbusha mistari hutoa neno moja au mawili, kwa sauti kavu, ili mwigizaji aufikie mstari wake kwa njia yake mwenyewe. Ukimpa mstari ulioigizwa tayari, unamlazimisha ama akuige ama ashindane na wewe, na mtu aliyesahau amesimama mahali ambapo hawezi lolote kati ya hayo. Wewe unalijua hili kuliko yeyote kikundini. Kwa hiyo mwongozaji hakukuonea alipokwambia usiigize. Pale pale, mbele ya yule dada, ndivyo ilivyopaswa kusemwa. Alichokosea ni kunyamaza baadaye. Mazoezi yalipokwisha alipaswa kukuita pembeni akuulize, "Ile sauti uliitoa wapi?" Nadhani kimya hicho kinakuuma kuliko hata kukosa uhusika wenyewe.

Sasa tuzungumze jinsi kikundi kinavyomkariri mtu. Onyesho likikaribia, muda haumtoshi mtu yeyote. Kila kazi anapewa yule ambaye haitaharibika mikononi mwake. Uliishika skripti vizuri mara ya kwanza, ukapewa tena, na tena, mpaka ikasahaulika kwamba ile ilikuwa kazi ya kumpa nafasi ya kupumua mgeni mwenye aibu. Hakuna aliyekaa kikao akaamua ubaki hapo. Ndiyo maana unakosa wa kumlaumu, na ndiyo maana hakuna atakayeamka siku moja akakumbuka kukutoa. Isitoshe, umekuwa ukikua mahali wasipokuona. Hawakuwepo kwenye vikao vyako vya kazini. Kwenye mazoezi ya sauti, sauti yako ilikuwa ndani ya sauti za wengine, na ndivyo ulivyotaka iwe. Mwongozaji aliposema hakujua, alikuwa anasema kweli. Waongozaji wengi huingia kwenye usaili wakiwa wameshagawa nusu ya uhusika vichwani mwao, kutokana na waliyoyaona mazoezini, na dakika chache za kusoma haziwezi kuifuta picha ya miaka.

Nina swali moja kwako, nalo naliona kubwa kuliko yote uliyoniuliza. Mara ya mwisho mwongozaji kukupa maelekezo ilikuwa lini? Simaanishi kukuagiza ulete taa au utafute koti lililopotea. Namaanisha maelekezo ya kazi ya mwigizaji: "Umeingia mapema mno," "Sijaamini kwamba unamwogopa," "Rudia, safari hii usinitazame." Naamini hukumbuki. Mshika skripti hushukuriwa, hasahihishwi. Mtu wa umati akisimama mahali pake inatosha. Umekaa miaka katika nafasi ambayo mtu akiifanya vizuri haonekani, na akikosea kidogo watu wanasamehe upesi kwa sababu wanampenda.

Wenzako je? Yule mkongwe aliyekukumbatia bila shaka ameshawahi kusahau mistari mbele yako, akalia mbele yako, akaigiza vibaya mchezo mzima huku kila mtu akijua, na msimu uliofuata akapewa uhusika mwingine. Yeye ni wa kikundi kile kwa maana hiyo. Wamemwona akishindwa na wamemwachia nafasi ashindwe tena. Wewe hujapata nafasi ya kushindwa mbele yao. Siku yako ya kwanza ya kujaribu kitu kikubwa ilikuwa siku ya usaili, ukiwa umekiandaa peke yako kimyakimya, na ukataka siku hiyohiyo iwe ndiyo ya kuthibitishwa. Hapo ulijibebesha mzigo mzito mno. Unachokikosa kikundini kwenu si uhusika wa mama. Unakosa haki ya kukosea ukiwa unatazamwa, ukarekebishwa, ukarudia. Kaombe hiyo. Uhusika mkubwa utakuja au hautakuja, lakini ukiipata haki hiyo hutakuwa tena mtu wa pembeni, hata usiku ambao huna mstari hata mmoja.

Wala usidhani naidharau kazi uliyoifanya. Wewe umekaa na sauti za watu wote sikioni kwa miaka. Unajua kimya cha kusahau na kimya cha kuigiza: aliyesahau, pumzi yake husimama na macho yakaenda kutafuta msaada, na anayeigiza huendelea kupumua ndani ya kile kimya. Wapo waigizaji wenye sifa kubwa wasioweza kutofautisha hayo kwa wenzao, ndiyo maana hurukia mistari yao kabla ya wakati. Ile sauti ya mama imetoka katika kusikiliza huko. Usije ukaanza kuona kwamba miaka yako ilipotea.

Yule mkongwe aliuliza nani atawashikia skripti. Ni swali la haki na lina jibu. Atashika yeye, katika matukio ambayo hayumo. Naye dada mpya atashika msimu ambao hana uhusika mkubwa. Jambo hili lina historia. Kati ya mwaka 1874 na 1890 kikundi cha Georg II, mtawala wa Saxe-Meiningen huko Ujerumani, kilizunguka miji ya Ulaya kikiwashangaza watu kwa matukio yake ya umati. Umati ule haukuwa wa vibarua waliookotwa mlangoni. Kanuni yao ilikuwa kwamba mwigizaji asiye na uhusika mkubwa katika mchezo husika anaingia kwenye umati, hata kama katika mchezo mwingine yeye ndiye mfalme, na kila kundi dogo ndani ya umati liliongozwa na mwigizaji mzoefu. Ninachokipenda katika kanuni ile ni kwamba njia ilikuwa wazi pande zote mbili. Mfalme anashuka, kwa hiyo hata wa umati anaweza kupanda bila mtu kushtuka. Kwenu njia hiyo imeziba. Haikuzibwa na mtu mbaya, imezibwa na mazoea, na mazoea huvunjwa kwa mtu kusema.

Kuna utaratibu mwingine ambao mwongozaji wako angeweza kuujaribu bila gharama yoyote. Katika Théâtre du Soleil, kikundi kilichoanzishwa Ufaransa mwaka 1964 na Ariane Mnouchkine pamoja na wenzake, ambako wote hulipwa sawa, uhusika hauamuliwi siku ya kwanza. Waigizaji kadhaa huujaribu uhusika uleule mazoezini, kila mmoja akimtazama mwenzake, na polepole inajulikana nani ataubeba. Kikundi cha watu wa kazi za mchana hakina miezi ya kufanya hivyo, naelewa. Lakini hata jioni mbili za mwanzo wa msimu, kila mtu asome uhusika ambao hajawahi kuufikiria, zingetosha kuonyesha wengine waliojificha kama wewe. Nina hakika hauko peke yako. Mtazame yule anayeshughulikia taa.

Basi ufanye nini? Mwendee kwanza yule dada. Usimwendee mwongozaji kabla yake. Mwambie wazi, bila maelezo marefu: "Jioni ile nilikuingilia, samahani." Usimwambie kwamba uliutaka uhusika wake. Analijua, alikuwepo kwenye usaili. Kisha jitolee kumsaidia pale mlangoni, kwa sababu nina wazo kuhusu kinachomsahaulisha. Mtu akisahau mahali palepale kila siku, mara nyingi kumbukumbu haina kosa. Angalia anafanya nini kwa mwili wake kabla ya mstari ule. Pengine anatembea kuelekea mlangoni na akili yake iko miguuni. Afike kwanza, ashike mlango, ndipo aseme. Au pengine mtoto anayemtangulia kuongea hampi kitu cha kujibu: anatamka mstari wake kwa hadhira badala ya kumtamkia mama, na mama anabaki anajibu hewa. Mwombe yule kijana amwangalie usoni. Jaribuni hivyo mara mbili tatu kabla wengine hawajafika. Itakuuma kidogo kumsaidia mtu kuimiliki sentensi unayoipenda, sikudanganyi. Lakini wewe ni mwigizaji, na jukwaani mara nyingi kazi ya mwigizaji ni kumwezesha mwenzake aonekane kweli.

Pili, anza kumfundisha mtu kushika skripti. Anza sasa, usingoje kupewa ruhusa ya kuondoka pale. Maadamu ni wewe tu unayeiweza, utabaki pale hata kama wote wanakutakia mema. Mfundishe alama zako za penseli, mwonyeshe mahali penye kimya kilichokusudiwa asije akakivunja, mkae naye mazoezi kadhaa, kisha mwachie jioni nzima na wewe usimame upande wa pili wa ukumbi. Mikono itakosa pa kukaa. Vumilia.

Tatu ndipo umwone mwongozaji. Usimshike mlangoni baada ya mazoezi, watu wakiwa wamechoka na wengine wanakusikiliza huku wanajifanya wanafunga kamba za viatu. Mwombe siku isiyo ya mazoezi. Mweleze bila kulalamika na bila kumzungushia maneno: "Sikuja kudai uhusika wa mama. Nimekuja kukwambia kwamba msimu ujao sitashika skripti, nimeshaanza kumfundisha mtu. Nataka uniweke kwenye mazoezi, unitazame, unirekebishe kama unavyowarekebisha wengine. Uhusika wowote. Na kwa mchezo huu, naomba niwe mwigizaji wa akiba wa yule mama, kwa makubaliano yanayojulikana na kila mtu, pamoja na yeye mwenyewe." Hilo la mwisho ni jambo la maana kwa kikundi chenyewe, maana kikundi cha watu wenye kazi nyingine hakijui siku ya onyesho nani ataamka na homa. Nalo linakuondoa kwenye hali ya kuigiza kwa kuvizia. Ukiwa wa akiba rasmi, unayo haki ya kufanyishwa tukio la mlangoni angalau mara moja, mbele ya watu, kwa miguu yako.

Kisha nyamaza umsikilize. Anaweza kukwambia jambo usilolipenda: kwamba unasoma vizuri lakini mwili wako bado unajificha, au kwamba ulisoma yule mama kwa uchungu wako wa msibani na siyo kwa uchungu wake. Akisema hivyo, usivunjike moyo. Hayo ndiyo maelekezo niliyokuwa nakuuliza habari zake. Andika.

Kuhusu kikundi cha pili, mimi naona uende, lakini si sasa na si kwa kuwakomoa hawa. Maliza mchezo huu kwanza. Anayeacha katikati ya maandalizi huwaachia wenzake pengo ambalo halizibiki kwa maelezo, na jina lake humtangulia kwenye kikundi kingine. Baada ya onyesho la mwisho, nenda kama mwigizaji mwalikwa kwa mchezo mmoja. Waambie wako kwa mdomo wako, wote wakiwa wamekaa, kabla hawajasikia kwa wengine. Waeleze ni mchezo gani na unatarajia kurudi lini. Huko utakuta raha ambayo hujaipata muda mrefu: hakuna anayemkumbuka yule msichana aliyeshindwa kutaja jina. Watakutazama kama ulivyo siku hiyo. Na utakuta upweke wake pia, kwa sababu hakuna atakayejua umetoka mbali kiasi gani, na ukifanya jambo lililokugharimu ujasiri mkubwa wataona ni la kawaida tu. Utahitaji watu wa aina zote mbili maishani, na hakuna kosa kuwatafuta mahali tofauti.

Unaniuliza kama mtu anaweza kukua bila kuondoka. Anaweza. Anaweza pia kuondoka bila kuacha kuwa wao. Karibu na Chicago, Marekani, vijana walianzisha kikundi cha Steppenwolf katikati ya miaka ya 1970. Baadhi yao, kama Gary Sinise na John Malkovich, walikwenda kwenye filamu wakajulikana duniani kote, na bado wakabaki wanachama. Sinise alirudi kucheza nao jukwaani mwaka 2000, akiwa nyota wa filamu tayari. Kikundi kile kilikubali kwamba mtu wao ana maisha mengine, naye alikubali kwamba akirudi anarudi kufanya mazoezi pamoja na wenzake. Ilihitaji pande zote mbili.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na mkongwe wako. Ni kweli, mcheza kwao hutunzwa. Lakini kwanza aachiwe uwanja acheze. Mwambie hivyo, kwa heshima, maana nadhani anakupenda kweli na hakupata kulifikiria kwa upande wako. Anaogopa kukupoteza, hofu ambayo ni yako pia, na ninyi wawili mngeweza kuzungumza vizuri sana mkiambiana hivyo badala ya yeye kukwambia wewe ni uti wa mgongo.

Kuna hati moja ambayo huwa naifikiria watu wanaponiambia kikundi chao ni familia. Mwaka 1545, mjini Padua huko Italia, waigizaji wanane waliandikisha mkataba mbele ya mwanasheria. Ni miongoni mwa mikataba ya kale zaidi ya kikundi cha waigizaji inayojulikana. Waliahidiana kukaa kwa upendo wa kindugu. Mapato waliyaweka katika kisanduku kimoja chenye funguo tatu, zikashikwa na watu watatu tofauti, na mwenzao akiugua alisaidiwa kutoka humo. Undugu ule ulikuwa na muda wake: mkataba ulikuwa wa kufika Kwaresima ya mwaka 1546. Msimu ukiisha, waketi tena waseme kama wanaendelea na kwa masharti gani. Familia haifanyi hivyo, ndiyo maana mtu hukaa katika familia miaka mingi akichukuliwa kuwa bado mtoto. Kikundi cha sanaa kinaweza kufanya hivyo, na ninakushauri upendekeze kwa wenzako: mwanzo wa kila msimu, kabla skripti haijagawiwa, kila mtu aseme anataka kujaribu nini mwaka huu na amechoka kufanya nini. Ungekuwa umeshasema zamani. Nina hakika wangekusikia, kwa sababu watu waliokubali kumpokea msichana asiyeongea bila kumsukuma si watu wenye masikio mazito.

Lililobaki ni lile la kuwa wewe ni nani ukiondoka. Sauti uliyomsomea nayo baba yako haikuwa ukumbini kwa kikundi. Ulikuwa nayo msibani, mbele ya watu ambao hawajui lolote kuhusu mazoezi yenu. Wenzako walikusaidia kuipata, na kwa hilo wanastahili shukrani yako daima, lakini hawajaiweka kwenye sanduku la maleba. Unakwenda nayo popote.

Ikiwa mwongozaji atakataa uhusika, vumilia, uulize tena msimu unaofuata. Ikiwa atakataa hata kukutazama na kukurekebisha, hilo ni jambo jingine. Hapo usiende kwa wale wengine kama mwalikwa, nenda kama mwanachama, na uage vizuri. Niandikie alivyokujibu.